Baba Alipohamia Kwenye Mashine

Mwezi uliopita nilipeleka mahindi kusaga, nikakuta mashine ya mtaani kwetu imefumuliwa. Fundi, kijana mwenye kofia ya sufu, alikuwa amekilaza kichwa cha injini juu ya gunia, tumbo juu, cheusi kwa masizi, naye anakikwangua kwa wembe. Akaniambia, "Mama, gasketi imekufa, njoo kesho." Wala sikuondoka. Nilisimama palepale na debe langu nikinusa. Dizeli, unga mbichi, chuma kilichopoa, na ile harufu ya masizi yaliyolowa maji. Kijana akanivumilia, akanivumilia, mwisho akauliza kama nina shida nyingine. Nikamwambia naangalia tu. Sikuwa na namna ya kumweleza mtoto wa watu kwamba harufu ile iliwahi kunitia hofu ya kubaki bila mama.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Ufipa, ninyi hamhitaji kuelezwa mashine ya kusaga ilikuwa nini katika kijiji cha ujamaa. Tulihamishiwa pale kutoka vitongoji vyetu vya zamani, nyumba zikapangwa kwa mstari kama mahindi ya shamba la kijiji, na kwa muda mrefu watu wazima walizunguka na nyuso za watu waliosahau kitu nyuma. Kisha mashine ikaja, na angalau wanawake wakapata cha kushukuru. Kabla ya hapo mama zetu walisaga ulezi kwa jiwe, wamepiga magoti, mgongo unakwenda na kurudi tangu jogoo wa kwanza. Mashine ilipewa jengo la matofali na paa la bati, wakati sisi wenyewe tulilala chini ya nyasi. Hakuna aliyelalamika.

Mwendesha mashine alikuwa baba yangu. Ujana wake aliwahi kwenda manamba, kukata mkonge huko mbali, na huko akajifunza injini kwa kuwatazama wengine. Mama yangu alikuwa mtu wa Kabwe, kule ziwani. Wanawake wa kijijini walimpenda, kwa sababu ndugu zake walipomletea dagaa alikuwa hajui kula peke yake. Ila mkikosana naye kidogo tu, kisimani au popote, utasikia "huyu mtu wa ziwani". Mimi, Odilia, nilikuwa mtoto wa kwanza, sijafika hata darasa la tatu, na nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu Deusi, ambaye bado alikuwa ananyonya.

Na alikuwepo Babu, mzaa baba. Babu alitoka katika ukoo wa watu waliokuwa wakiyeyusha chuma zamani, katika yale matanuru marefu ya udongo tunayoyaita malungu. Mengine yalikuwa bado yamesimama porini, yamebomoka upande, na sisi watoto tulikatazwa kuyaingia. Zama zake kazi hiyo ilikuwa imekwisha, lakini mivukuto yake ilikuwa hai, alifua majembe na visu, na mambo ya chuma kijijini hayakupita bila yeye kusema neno. Mashine ilipoletwa aliizunguka, akaigonga kwa ukucha, akasema, "Hiki nacho ni chuma." Watu wakacheka, wakadhani anashangaa.

Shida ilianza na maji. Injini ile ilikuwa na pipa la maji la kuipooza, na kawaida maji yake yalitulia tu, yakifuka mvuke kidogo. Siku hiyo yakaanza kutoa mapovu kama chungu cha uji. Moshi ukageuka mweupe, mkanda ukawa unavuta kwa taabu, unga ukatoka chenga, na wanawake kwenye foleni wakaanza kuguna. Baba akaizima. Akasema gasketi imeungua, na kwamba lazima kichwa kifunguliwe. Gasketi yenyewe ni bamba la shaba, jembamba, linalokaa kati ya kichwa na mwili wa injini ili moto usitoroke na maji yasiingie. Mpya haikuwepo Sumbawanga mjini, kama ambavyo hakukuwa na sabuni wala viberiti. Baba akasema ileile ya zamani itachomwa mpaka iwe nyekundu, itatumbukizwa majini, italainika, itarudishwa. Kwa hilo alihitaji moto wa Babu na mivukuto ya Babu.

Babu alikuja. Akamvuta baba nyuma ya jengo la mashine, wakazungumza Kifipa kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la pumba, nikawaona lakini sikuwasikia. Niliona baba anacheka, kisha kicheko kinakatika, kisha anatazama chini na kuchora ardhi kwa kidole cha mguu. Babu hakucheka hata mara moja.

Jioni hiyo baba alikunja mkeka wake na blanketi, akatoka navyo. Mama alikuwa anamnyonyesha Deusi, hakuinuka.

"Baba anakwenda wapi?" nikauliza.

"Anahamia kwenye mashine kwa muda."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye."

Na hapo, nisichokielewa, mama akatabasamu kidogo, akainamisha uso kwa mtoto.

Kuanzia hapo chakula cha baba hakikupikwa kwetu. Nilitumwa nyumbani kwa Bibi, mke wa Babu, kukichukua huko na kukipeleka kwenye mashine. Mama alikuwa na jiko lake, ana unga wake, ana mikono yake miwili, na bado mume wake alilishwa na bibi kizee ambaye hata chumvi alikuwa anasahau. Nikaona kuna jambo. Kwa vile siku zile sikuwa na mtu wa kunieleza mambo isipokuwa Yustina, nikaenda kwa Yustina.

Yustina alikuwa jirani yetu, mkubwa kwangu kidogo, na baba yake alikuwa amehamia Mollo kwa mwanamke mwingine. Kwa hiyo katika mambo ya ndoa nilimwona ni mtaalamu. Akanisikiliza akitafuna bua la mtama, akatema makapi.

"Baba akihamisha mkeka, basi," akasema. "Wa kwetu alianza na mkeka. Halafu akaja kuchukua baiskeli."

"Sisi hatuna baiskeli."

Akafikiri. "Basi atakayeondoka ni mama yako. Atarudi kwao."

"Na Deusi?"

"Anayenyonya huenda na mama."

"Na mimi?"

Yustina akaniangalia kwa huruma, na huruma ya Yustina ilikuwa kitu adimu. "Wewe si unapeleka chakula?" akasema. Nikatulia na jibu hilo kama vile lilikuwa na maana.

Tangu hapo nikawa mpelelezi wa wazazi wangu. Ubaya ni kwamba kila nilichokiona kilinichanganya zaidi. Mama alipokwenda kisimani alizunguka njia ndefu ya juu ili asipite karibu na mashine. Hilo lilikuwa baya. Lakini alipokuwa akipepeta na Mama Yustina walicheka mpaka khanga zikawaanguka, na nilipokaribia wakanyamaza. Mtu anayeachwa anacheka? Siku moja mama na baba walikutana uso kwa uso penye uchochoro wa shule. Baba akageukia milimani kana kwamba ameitwa kutoka huko, mama akafunika uso kwa upande wa khanga, wakapishana kama watu wasiojuana. Jumapili kanisani baba alikaa upande wake na mama upande wake. Wanaume na wanawake walikaa hivyo siku zote, tangu nipate akili, lakini Jumapili ile niliona ni kwa ubaya.

Nililala nikishikilia pindo la khanga ya mama. Nilijiambia nikilishika sana, akiamka kuondoka nitajua. Asubuhi nilikuta pindo liko mkononi mwangu na mama yuko nje anawasha moto, khanga nyingine kiunoni.

Nilipeleka chakula siku baba aliyofungua kichwa. Alikuwa amemwaga maji ya pipa, amechomoa bomba la moshi na bomba la dizeli, na fito mbili za chuma zinazosukuma valvu amezilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wake, ya kulia kulia na ya kushoto kushoto. Kisha akalegeza nati. Alilegeza moja robo tu, akahamia ile inayoikabili upande wa pili, akarudi, akavuka tena. Nikamuuliza kwa nini hamalizi moja kwanza. Akasema kichwa kikilegezwa upande mmoja kinapinda, na kikishapinda hakinyooki. Halafu akakigonga kwa kipande cha mti, taratibu, mpaka kikaachia kwa sauti ndogo ya kubanduka, akakiinua kwa mikono miwili na kukigeuza.

Sijui nilitegemea kuona nini. Niliona masizi, tundu moja kubwa la duara, na ndani yake kitu bapa cha chuma kimetulia. Basi. Kijiji kizima kilikuwa kimerudi kwenye mawe kwa ajili ya tundu.

"Baba, utarudi lini nyumbani?"

"Kichwa kikirudi mahali pake."

"Mwalimu alifungua baiskeli yake yote na akalala nyumbani."

Baba akacheka kwa pua. "Baiskeli ya mwalimu haina babu." Akaanza kula ugali wa Bibi. Alipomaliza, bila kuniangalia, akasema, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mdogo wako?"

"Anakohoa kidogo."

"Mwambie mama yako amfunike kifua. Usiku baridi kali." Kisha, kama aliyejutia, akaongeza, "Au usimwambie ni mimi."

Nifanyeje na maneno kama hayo? Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba kuna mtu amesema Deusi afunikwe kifua. Mama akauliza mtu gani. Nikasema sijui. Akaniangalia muda mrefu, akaenda kumfunika.

Ile gasketi nayo ikapelekwa kwa Babu. Makaa yakavukutwa, shaba ikawa nyekundu, ikatumbukizwa majini, na ilipotoka ilikuwa laini hata nikaruhusiwa kuigusa. Baba akairudisha, akakikalisha kichwa juu yake, akaanza kukaza. Safari hii alikuwa na watu. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mashine inafungwa, na wanawake walikuwa wamejaa mlangoni na madebe yao, wanaulizana, wanamuuliza, "Bado tu?" Mikono yao ilikuwa imechubuka kwa mawe, na kusema kweli walikuwa na haki. Baba alikaza nati kwa kuvuka vilevile, ila haraka, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

Akazungusha hendeli. Mashine ikakohoa, ikashika, wanawake wakapiga vigelegele. Havikumalizika. Maji ya pipa yakaanza kutoa mapovu, moshi mweupe ukajaa chumbani, mashine ikafifia na kufa.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akasema, kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Chuma kikifunguliwa, aliyekifungua halali na mkewe mpaka kifungwe. Baba zetu hawakuwa wajinga. Hapa kuna mtu hakushika."

Ndipo nilipojua kuna mwiko. Kujua kwenyewe hakukunisaidia, kwa sababu sikuelewa kulala kunaingiaje kwenye nati. Wote tulilala. Hata Babu alilala. Nilichokielewa ni kwamba vichwa vyote vilikuwa vimegeuka kumtazama mama yangu, aliyesimama nyuma kabisa, mbali na mlango, kama alivyotakiwa.

"Mimi sijakanyaga hapa tangu kilipofunguliwa," mama akasema.

"Watu wa ziwani hawajui miiko ya chuma," mtu akasema. Alikuwa Mama Yustina. Yuleyule waliyekuwa wanacheka naye. Alisema akiangalia debe lake.

Babu akamgeukia baba. "Mkeo aende kwao kwanza. Mashine ikipona atarudi."

Nilimtazama baba. Nilisubiri aseme. Alikuwa ameshika spana, midomo yake ikafunguka, nikajua sasa anasema, na hakusema. Akaweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeolewa, nimezika, nimesikia wanaume wakinyamaza kwa kila namna, lakini sijapata kuuchukia ukimya wa mtu kama nilivyouchukia ule.

Mama akambeba Deusi mgongoni, akaondoka. Nikamfuata. Tulipofika akaanza kuchambua mboga. Nilimuuliza kama atakwenda Kabwe. Akasema, "Nani kakuambia Kabwe?" Nikamwambia Babu amesema mbele ya watu wote. Akasema, "Shika kisu hicho, katakata." Nikakata mboga kwa machozi, wala hakuna aliyenibembeleza.

Kesho yake baba alikifungua kichwa tena, peke yake, mlango umeegeshwa. Nilimpelekea chakula chake, nikakiweka, sikumsalimia. Alikuwa ameibandua gasketi na kuipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akanyoosha kidole. "Njoo uone." Nilikuwa nimeazimia kununa, lakini macho yana njaa yao. Juu ya shaba laini, kati ya tundu la duara na ukingo, kulikuwa na alama ndogo iliyodidimia, na ndani yake kimebanwa kitu kidogo cha kahawia. Akakibandua kwa ukucha.

"Ganda la ulezi," akasema.

Chumba kile kilikuwa kimejaa pumba na vumbi la unga kila mahali, kwenye mbao, kwenye magunia, kwenye nywele za baba. Wanawake wakasukumana mlangoni, ganda likaruka likatua, kichwa kikalikalia. Hivi ndivyo ninavyojieleza sasa. Wakati ule nilielewa jambo moja tu, kwamba aliyeiua mashine si mama.

"Nenda ukamwonyeshe Babu," nikasema.

"Babu yako ameshasema la kwake."

"Lakini si kweli."

Baba alipuliza lile ganda likaanguka sakafuni kati ya maganda mengine, na hapo hata yeye asingelitambua tena. "Odilia," akasema, "ningemwambia baba yangu mbele ya watu kwamba mambo yake ni pumba?" Akatazama dirishani. "Na nisipomwambia, je?" Hakuwa ananiuliza mimi. Akachukua kitambaa kilicholowa dizeli akaanza kufuta, polepole sana, akirudia palepale. Chakula cha Bibi hakukigusa.

Nilipoamka asubuhi iliyofuata, kitu cha kwanza nilichokiona mlangoni kwetu kilikuwa katambuga za baba, zile za tairi, zimewekwa pamoja, visigino ukutani. Nikakaa kitandani nazitazama. Baba mwenyewe alikuwa amekaa jikoni, blanketi mabegani, anakunywa uji kwenye bakuli lake, uji wa mama, na mama anachochea moto, hawasemezani lakini hawatazami milimani. Na nilijua, kwa sababu nilikuwa nimekiona jana jioni, kwamba kichwa cha mashine kilikuwa bado juu ya gunia. Alikuwa amesema atarudi kichwa kikirudi. Kichwa hakijarudi, yeye amerudi. Furaha ilinijaa na akili ikanivurugika kwa pamoja.

Baba akatoka kupitia nyuma, kwenye mahindi. Siku hiyo alifunga mashine bila watu. Alikuwa amemwagia maji sakafu nzima vumbi litulie, ametundika gunia lililolowa mlangoni. Alipomaliza ndipo akatuma watu waitwe. Wakaja na madebe, Babu akaja na kigoda chake, na mama akaja akasimama nyuma, mbali, na Deusi mgongoni. Baba akazungusha hendeli. Mashine ikashika. Wote tulitazama pipa. Maji yakatulia. Moshi ukatoka wa buluu, kisha ukawa haba, mkanda ukakaza, na unga wa kwanza ukaanza kushuka mweupe na laini.

Babu alisimama. Alikuwa na furaha ya kweli, sitamnyima hilo. "Mmeona?" akasema, akipaza sauti kushinda mashine. "Safari hii mwiko umeshikwa, chuma kimekubali. Na shahidi ninaye. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa anapeleka chakula." Akaniita. "Odilia. Waambie watu. Baba yako alilala wapi?"

Naomba mnielewe. Mbele yangu walikuwepo watu walewale waliosikia kwamba mama aende kwao. Mimi nilikuwa na ushahidi kwamba baba hajamwacha, nilikuwa nimeziona katambuga, nimeuona uji. Nilidhani ninachoulizwa ni hicho. Nilidhani nikisema, mama atabaki. Nikapaza sauti kadiri ya uwezo wangu.

"Alilala nyumbani. Na mama."

Waliokuwa karibu walisikia. Niliona Mama Yustina anaziba mdomo. Baba aliacha kumimina mahindi, mkono ukabaki hewani. Babu aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, macho yake mekundu ya moshi wa miaka mingi yakinichungulia, na nikaona kwamba nimefanya jambo, sijui jambo gani.

"Nimesikia, mjukuu wangu," akasema, kwa sauti ya kwangu mimi tu. Akanishika kichwani. Kisha akajinyoosha, akawageukia watu. "Mashine hii ina kelele. Mzee kama mimi hapa sisikii kitu. Haya, leteni madebe, mnasubiri nini?"

Wakaleta. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama Yustina akawa wa kwanza.

Nilisukumana mpaka nyuma, kwa mama, nikamshika mkono. Nilitaka anisifu. Aliubana wangu kwa nguvu, hata bangili yake ikanikwaruza. Siku zote zile nilikuwa nimemwona anacheka, anachambua mboga, nikadhani ni mimi peke yangu mwenye hofu.

Babu alikufa bila kulizungumza. Mpaka leo sijui kama alinisikia na kumsamehe baba, au alinisikia na kujisamehe mwenyewe, au alihofia tu mashine isizimwe kwa mara ya tatu. Baba nilimuuliza nikiwa mtu mzima, kwa nini alirudi kichwa kikiwa bado nje. Akasema, "Baridi." Nikamwambia anijibu kama mtu mwenye akili. Akasema, "Wewe umewahi kulala kwenye sakafu ya saruji, Ufipa, mwezi wa saba?" Nikakata tamaa naye.

Mama nilichelewa kumuuliza. Alikuwa ameshakuwa mjane, ameketi uani kwangu, tunapepeta ulezi. Nilimuuliza kwa mzaha, kama anaikumbuka siku niliyomwaibisha mbele ya kijiji kizima.

"Siku ile nilikuwa nimeshapatana na dereva wa lori la dagaa," akasema. "Lilikuwa linarudi Kabwe mchana. Baba yako alipokuja kulala nilimwambia, mashine ikigoma tena sisubiri kufukuzwa mara ya pili. Nitaondoka mwenyewe."

Sikuwahi kulijua hilo. Kwa hiyo Yustina alikuwa amekosea sababu zote na kupatia jibu. Nikauliza swali ambalo sikutegemea lingekuwa bado limo ndani yangu.

"Ungekwenda na nani?"

"Na Deusi. Alikuwa ananyonya."

"Na mimi?"

Mama akarusha ulezi hewani, akaudaka, akapuliza makapi. "Wewe ungebaki. Wewe ulikuwa wa ukoo wa baba yako."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Na mimi, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nilinyanyuka nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira, huku namsikia mama huko nje akiendelea kupepeta na kuuliza mbona nimeondoka.